Shajara ya mradi: visimbuzi vya sauti ya chaneli nne, kutoka nyaya mbili hadi SQ

8 Machi 2025: Nia na mipaka ya kazi

Nina santuri kadhaa za miaka ya 1970 zilizorekodiwa kwa chaneli nne, ambazo kwa miaka mingi nimezisikiliza kwa spika mbili tu, nikijua kwamba ndani ya mfereji uleule mmoja zimefichwa sauti mbili za nyuma ambazo sijawahi kuzisikia mahali pake. Shajara hii ni ya kuzifichua sauti hizo kwa vifaa ambavyo mtu anaweza kuvilehemu mwenyewe mezani. Nitaandika kila hatua inapokamilika, pamoja na makosa yake, kwa sababu michoro ya zamani inapatikana kwa urahisi ilhali makosa ya waliotangulia hayapatikani.

Mifumo ya wakati ule iligawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni CD-4 ya JVC, iliyobeba tofauti ya mbele na nyuma juu ya wimbi mbebaji la kilohezi 30, na iliyohitaji sindano ya umbo la Shibata pamoja na kichwa cha gramafoni chenye uwezo wa kusoma masafa hayo. Huo nimeuacha, kwa kuwa haumo katika vitu vya kawaida. Kundi la pili ni la matriksi: chaneli nne huchanganywa kuwa mbili kwa uwiano na fezi maalumu (fezi ni nafasi ya wimbi katika mzunguko wake, hupimwa kwa nyuzi), kisha kisimbuzi huzitenganisha upya kadiri inavyowezekana. Humo ndimo zilimo QS ya Sansui na SQ ya CBS, iliyobuniwa na Benjamin Bauer na wenzake na kutolewa mwaka 1971. Nitaanza na njia ya mhandisi wa sauti David Hafler isiyohitaji chipu yoyote, nipitie QS iliyorahisishwa, kisha nimalizie na SQ kamili yenye minyororo ya kugeuza fezi.

Katika shajara yote K ni chaneli ya kushoto inayotoka kwenye santuri na L ni ya kulia.

15 Machi 2025: Njia ya Hafler, na amplifaya moja iliyoungua

Saketi ya Hafler ni nyepesi mno: spika mbili za nyuma huunganishwa mfululizo, moja baada ya nyingine, kati ya vituo chanya viwili vya amplifaya ya stirio, bila kugusa vituo hasi. Spika hizo husikia K kutoa L, yaani kila kilicho tofauti kati ya chaneli mbili, na hukaa kimya kwa kilicho sawa. Spika za mbele hubaki zilivyokuwa.

Nilikosea mwanzoni kabisa. Nilitumia bodi ndogo ya amplifaya ya aina ya D bila kuchunguza umbo la towe zake. Bodi za namna hiyo mara nyingi huendesha kila spika kwa mfumo wa daraja, ambamo kituo hasi nacho ni towe lenye nguvu, si ardhi. Nilipoongeza kipingamizi cha kurekebisha kiwango cha nyuma, nikakifunga kwenye kituo hasi nikidhani ni ardhi ya pamoja, bodi ilinyamaza na haikuamka tena. Kipimo kinachomlinda mtu na hasara hiyo huchukua dakika moja: umeme ukiwa umezimwa, pima ukinzani kati ya vituo hasi viwili, ambao unapaswa kukaribia sifuri; kisha umeme ukiwa umewashwa bila muziki, pima volti kati ya kituo hasi na ardhi ya usambazaji. Ukikuta takriban nusu ya volti za usambazaji, huo ni mfumo wa daraja na haufai kwa kazi hii.

Kwa amplifaya nyingine yenye ardhi ya pamoja mambo yalikwenda vizuri. Jambo la kukumbuka ni mzigo. Spika mbili za omu 8 mfululizo ni omu 16, lakini K na L zinapokuwa kinyume kabisa, volti kati ya vituo chanya huwa maradufu, hivyo kila upande wa amplifaya huona kana kwamba kuna omu 8 za ziada sambamba na spika ya mbele. Jumla ni omu 4, na amplifaya iwe tayari kwa hilo.

Nilichosikia kilinigusa. Makofi ya hadhira na mwangwi wa ukumbi vilihamia nyuma, na mwimbaji wa katikati akabaki mbele peke yake. Hata hivyo spika mbili za nyuma zinatoa kitu kilekile, kwa hiyo hakuna nyuma-kushoto wala nyuma-kulia. Gharama hadi sasa: bodi moja ya amplifaya, na saa nne.

30 Machi 2025: Usambazaji wa umeme na matriksi ya QS iliyorahisishwa

Hatua zote zinazofuata zinahitaji volti 12 chanya na volti 12 hasi. Nilitumia vidhibiti volti viwili, 7812 ya upande chanya na 7912 ya upande hasi, na hapa nilipoteza fyuzi mbili na 7912 moja kwa kosa ambalo naamini wengi hulifanya. Nilizifunga zote mbili kwenye bati moja la kupoozea bila kizuizi cha umeme kati yake. Mgongo wa 7812 umeungana na ardhi, lakini mgongo wa 7912 umeungana na ingizo lake hasi, kwa hiyo bati lilizigonganisha moja kwa moja. Mpangilio wa pini nao haufanani: kwenye 7812 ni ingizo, ardhi, towe, kwenye 7912 ni ardhi, ingizo, towe. Karatasi ya maika na kishikizo cha plastiki cha skrubu vilimaliza tatizo.

Katika QS kila kona, yaani kila spika kati ya zile nne, hupata sehemu 0.924 ya upande wake na 0.383 ya upande wa pili, yaani uwiano wa 1 kwa 0.414. Mbele uwiano huo hujumlishwa, nyuma hutolewa. Rezista za kiloomu 10 na kiloomu 24 hutoa uwiano wa 0.417, ambao unatosha kabisa, na chipu moja ya TL074 yenye opampu nne (vikuza ishara vidogo) huhudumia kona zote nne. Ilifanya kazi mara ya kwanza. Utengano wa kona zinazokabiliana kimshazari ni mkubwa sana, ule wa kona jirani ni desibeli 3 tu, na masikio yangu yalikubaliana na hesabu hiyo.

Nililoliacha ni mgeuzo wa fezi wa nyuzi 90 kwa chaneli za nyuma, ambao QS kamili inao. Kwa sababu hiyo, sauti iliyokusudiwa kukaa katikati ya nyuma hutoka kwenye spika mbili za nyuma ikiwa na fezi za kinyume, ikawa na uwazi usioshikika, kana kwamba inatoka ndani ya kichwa cha msikilizaji. Nililiandika jambo hilo pembezoni mwa mchoro na kuendelea, na ningelipa uzito zaidi siku ile ningeokoa majuma mawili ya mwezi wa Aprili.

12 Aprili 2025: SQ, minyororo ya fezi

SQ haiwezi kusimbuliwa kwa rezista pekee. Mbele-kushoto ni K yenyewe na mbele-kulia ni L yenyewe, lakini nyuma-kushoto ni 0.707 ya K iliyotangulizwa nyuzi 90 kutoa L, na nyuma-kulia ni 0.707 ya K kutoa L iliyotangulizwa nyuzi 90. Zamani Motorola ilitengeneza chipu moja, MC1312, iliyofanya kazi hii yote. Nimechagua opampu za kawaida ili kila anayefuata aweze kupata vifaa.

Hakuna saketi nyepesi inayogeuza fezi nyuzi 90 kwa masafa yote. Kinachowezekana ni minyororo miwili ya hatua zinazopitisha masafa yote kwa kiwango sawa, ambayo kila mmoja hugeuza fezi kwa kiasi kinachobadilika, ila tofauti kati yake hubaki karibu na nyuzi 90. Kwa hatua tatu katika kila mnyororo nilikokotoa masafa haya: mnyororo A ni hezi 52, 604 na 4,708, mnyororo B ni hezi 212, 1,653 na 19,230. Tofauti hubaki ndani ya takriban nyuzi moja na nusu ya 90, kuanzia hezi 100 hadi 10,000.

Kila hatua ina rezista mbili sawa za kiloomu 10, moja kutoka ingizo hadi pini ya kugeuza na nyingine kutoka towe hadi pini hiyohiyo. Rezista ya masafa hutoka ingizo hadi pini isiyogeuza, na kapasita hutoka pini hiyo hadi ardhi. Kwa kapasita za nanofaradi 10, mnyororo A unahitaji kiloomu 306 (300 na 6.2 mfululizo), 26.3 (22 na 4.3) na 3.38 (3.3 na omu 82). Mnyororo B unahitaji kiloomu 75, kisha 9.61 (9.1 na omu 510), na kwa hatua ya mwisho kapasita ya nanofaradi 1 na kiloomu 8.2, ili opampu inayoitangulia isilemewe na rezista ndogo kupita kiasi. K inahitaji minyororo yote miwili na L vilevile, kwa hiyo hatua ni 12, ambazo ni TL074 tatu kamili. Nilijaribu pia NE5532, chipu nyingine ya opampu, lakini mkondo wa maingizo yake ukipita kwenye kiloomu 306 huacha makumi ya milivolti tuli kwenye towe. Opampu za TL074, ambazo maingizo yake karibu hayavuti mkondo, hazina shida hiyo.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Nilipotia wimbi la kilohezi 1 na kuangalia A na B kwenye osiloskopu kwa mtindo wa mhimili dhidi ya mhimili, badala ya duara, ambalo ndilo alama ya tofauti ya nyuzi 90, niliona yai lililoinama, na umbo lake lilibadilika nilipoongeza kiwango cha wimbi. Chanzo kilikuwa kapasita za kauri za bei rahisi. Zilizoandikwa nanofaradi 10 zilipima kati ya 7.6 na 9.1, na uwezo wa kapasita za kauri za aina hiyo hubadilika kufuatana na volti zinazowekewa. Nilizing'oa zote 12 na kuweka za filamu ya plastiki, nikichagua kutoka katika rundo la 20 zile zilizopishana chini ya asilimia moja. Yai likawa duara kwa hezi 100, 300, 1,000, 3,000 na 10,000.

26 Aprili 2025: Kona nne sahihi, katikati kumeharibika

Hii ndiyo sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi, na ndiyo ninayoomba msomaji aisome polepole.

Nilitengeneza sauti za majaribio kwa programu fupi ya kompyuta, iliyosimba kwa kanuni za SQ sauti ya mtu akitaja kila kona kwa zamu. Nilipozicheza kupitia kisimbuzi, kila kona iliitikia mahali pake. Ilipotajwa nyuma-kushoto, spika ya nyuma-kushoto ilisema kwa nguvu na ya nyuma-kulia ikanyamaza. Ilipotajwa nyuma-kulia, ikawa vivyo hivyo upande wa pili. Kona za mbele zilivuja nyuma kwa desibeli 3 chini, kama SQ isiyo na mantiki ya usaidizi (saketi ya ziada ya kuongeza utengano) inavyotakiwa kuvuja. Niliandika kwamba kazi imekamilika.

Kisha niliweka santuri. Mwimbaji aliyepaswa kusimama mbele katikati alijaa nyuma kama ukuta, akisikika nyuma kwa uzito sawa na mbele. Nilidhani ni kasoro ya kawaida ya SQ, kwa kuwa ni kweli kwamba sauti ya katikati ya mbele hutoka katika spika zote nne kwa kiwango kimoja. Dawa yake ya zamani inajulikana: kuchanganya kidogo chaneli za mbele, asilimia 10, na za nyuma zaidi, asilimia 40. Kila towe hupitia kiloomu 10, kisha rezista ya kiloomu 91 huunganisha towe mbili za mbele na ya kiloomu 15 huunganisha zile mbili za nyuma. Sauti ya mwimbaji ikitoka nyuma ikiwa na fezi za kinyume, mchanganyo huo huipunguza, ikilinganishwa na sauti za kona, hadi 0.6 ya kiwango chake, yaani desibeli 4.4 chini.

Kwangu haikupungua. Ikilinganishwa na sauti za kona, ilipanda kwa karibu desibeli 3.

Nilibadilisha rezista za mchanganyo, nikabadilisha chipu ya mwisho, nikalehemu upya viungo vyote vya sehemu ya nyuma, na majuma mawili yakapita jioni kwa jioni bila badiliko lolote. Kilichonipotosha ni kwamba kona nne zilikuwa zimenihakikishia kuwa matriksi ni sahihi.

3 Mei 2025: Makosa mawili yaliyofichana

Hatimaye niliacha kusikiliza na kurudi kwenye hesabu. Ikiwa nyuma-kushoto na nyuma-kulia zinapanda zinapochanganywa kwa sauti ya mono, basi fezi zake ni sawa, na katika SQ sahihi zinapaswa kuwa kinyume. Niliweka wimbi moja kwenye K na L kwa pamoja na kutazama towe mbili za nyuma: mstari uliinamia kulia, ishara ya fezi sawa. Kwa hiyo mahali palipohitaji kutoa palikuwa panajumlisha. Nilifungua bodi na kuona kwamba katika opampu mbili za mwisho nilikuwa nimepeleka ishara zote mbili kwenye pini ya kugeuza, badala ya moja kwenda pini ya kugeuza na nyingine kwenda isiyogeuza.

Lakini kosa hilo peke yake lingebadilishana kona za nyuma: kushoto kungesikika kulia. Kwa nini kona zilikuwa sahihi? Kwa sababu kulikuwa na kosa la pili. Nilikuwa nimeamini kwamba mnyororo A, wenye masafa ya chini, ndio unaotangulia. Sivyo. Hatua ya namna hii huchelewesha, na ile yenye masafa ya chini huchelewesha mapema zaidi, hivyo A huwa nyuma ya B kwa nyuzi 90. Kubadilishana A na B nako hubadilishana kona za nyuma. Makosa mawili, kila moja likigeuza kushoto kuwa kulia, yalirudisha kila kona mahali pake na kuacha katikati pameharibika: sauti ya katikati ya mbele ikatoka nyuma kwa fezi sawa, na sauti ya katikati ya nyuma ikatoka kwa fezi za kinyume, uwazi uleule niliouandika pembezoni mwa mchoro wa QS mwezi wa Machi.

Marekebisho yalikuwa nyaya nne za kuhamisha na rezista nne za kuongeza. Nyuma-kushoto sasa ni B ya K kutoa A ya L. Nyuma-kulia ni A ya K kutoa B ya L. Mbele zote mbili huchukuliwa kutoka A. Rezista za maingizo ni kiloomu 10, na za mrejesho pamoja na zile za kwenda ardhini ni kiloomu 7.07, yaani 6.8 na omu 270 mfululizo, ambazo hutoa ile 0.707 moja kwa moja.

Nimeongeza katika faili la majaribio sauti nne mpya: katikati ya mbele, katikati ya nyuma, katikati ya kushoto na katikati ya kulia. Anayenakili mradi huu asiiamini bodi yake kabla hajazisikiliza mbili za kwanza. Katika kisimbuzi sahihi katikati ya nyuma husikika imara kati ya spika mbili za nyuma, na kuwasha mchanganyo hushusha sauti ya katikati ya mbele kwenye spika za nyuma.

17 Mei 2025: Mchanganyo, viwango, na chipu ya tano

Mchanganyo ulifanya kazi mara moja baada ya marekebisho. Nilipounganisha towe moja kwa moja kwenye amplifaya yenye ingizo la kiloomu 47, uwiano uliyumba na viwango vikashuka, kwa kuwa ingizo hilo ni mzigo kwa rezista za kiloomu 10. TL074 ya tano, ikiwa na opampu nne za kupokelea baada ya mchanganyo, ilitenganisha mambo hayo mawili. Mchanganyo hushusha nyuma desibeli 2.9 na mbele desibeli 0.8, kwa hiyo spika za nyuma zinapaswa kuongezwa takriban desibeli 2 ili kona zirudi katika mizani.

Nimeweka swichi ya kuondoa mchanganyo, na nimegundua kwamba siitumii kila mara. Muziki uliopangwa kona kwa kona, ala moja hapa na nyingine kule, huvutia zaidi bila mchanganyo. Wenye mwimbaji mmoja mbele huhitaji kuwashwa.

Kilichoongeza utengano kuliko nilivyotarajia ni kipimo kidogo cha mizani kwenye ingizo. Vichwa vya gramafoni mara nyingi havitoi K na L kwa kiwango sawa kabisa, na tofauti ya desibeli 1 tu huacha mabaki ya takriban desibeli 18 chini mahali ambapo palipaswa kuwa kimya. Nacheza rekodi ya mono, nageuza kisimbuzi kwenye K kutoa L, kisha nazungusha kipimo hadi sauti ifikie udogo wake wa mwisho.

7 Juni 2025: Ndani ya sanduku

Kisimbuzi kimo katika sanduku la bati, ardhi ikiwa imeungwa kwenye sanduku mahali pamoja tu, karibu na maingizo. Nilipoiunga mahali pawili mvumo wa umeme ulirudi mara moja. Hesabu ya SQ iliyokamilika: TL074 tano, kapasita za filamu 12, rezista 70 na ushei, na jioni zipatazo 20, ambazo zaidi ya nusu zilikwenda kwenye yale makosa mawili. Vilivyoharibika ni bodi moja ya amplifaya, 7912 moja, fyuzi mbili na kapasita za kauri 12.

Saketi ya Hafler bado imefungwa kwenye chumba kingine kwa ajili ya rekodi za kawaida za stirio, kwa kuwa kwa kazi hiyo sijaona sababu ya kuibadilisha. Jana usiku niliweka tena ile santuri iliyonisumbua mwezi wa Aprili. Mwimbaji alisimama mbele, na katika ubeti wa pili kikundi cha waitikiaji, ambacho sikuwahi kujua kwamba kimo kwenye rekodi ile kama kitu kilichojitenga, kiliingia kutoka nyuma-kushoto.